Moshi wa Pijo ya Babu

Leo siasa nimeiweka pembeni. Mliozoea kusoma hapa habari za Bunge na mawaziri mtanisamehe, maana wiki tatu hizi kila nikitoka kazini nimekuwa nikikimbilia Mtumba, kwenye uwanja wa nyumba ya bibi yangu, kujifunza kusoma moshi. Ndiyo, kusoma moshi. Tulieni niwaeleze.

Pale uwanjani kuna Peugeot 504 ya rangi ya maziwa. Sisi wote tunaiita Pijo. Babu aliinunua mkononi mwa mtu miaka ya 1980, akafariki mwaka 2003, na mwaka uliofuata ikapandishwa juu ya mawe chini ya mwarobaini. Mimi sijawahi kuiona ikitembea. Utotoni niliendesha safari nyingi sana ndani yake, Dar na kurudi, huku mawe hayajasogea hata inchi moja.

Vijana wa siku hizi mnaojua Vitz na IST tu, someni kidogo historia. Hizi Pijo ziliheshimika Afrika Mashariki kwa sababu zilithibitishwa kwenye matope na mashimo yetu wenyewe. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Peugeot 404. Halafu 504 nayo ikashinda mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na 1978 ikashinda ile ya milango miwili mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Babu alikuwa akizungumza habari za Shankland kama mtu anayemzungumzia jirani.

Sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba Mtumba si ile tena. Tangu Mji wa Serikali ulipozinduliwa mwaka 2019, wizara zimehamia pale na watumishi wanatafuta vyumba. Baba mdogo anataka kumjengea bibi vyumba vinne vya kupangisha, jambo la maana kabisa, maana bibi hana kipato kingine cha uhakika. Lakini Pijo imekaa mahali penyewe pa msingi. Mnunuzi wa chuma chakavu alishakuja na kutaja bei yake kwa kilo.

Bibi akatoa hukumu yake. Akaniambia, "Mume wangu, gari la babu yako likitembea lenyewe, litahama. Lisipotembea, mwite mtu wa mizani. Mafundi wa msingi wanakuja mwisho wa mwezi."

Nikamtafuta fundi mmoja mzee, mstaafu, ambaye ujana wake wote aliumalizia chini ya magari ya aina hii. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunikataza nisiguse ufunguo. Injini iliyolala miaka ishirini na ushei haipigwi stata siku ya kwanza. Ringi za pistoni zinaweza kuwa zimeshikwa na kutu kwenye silinda, na ukilazimisha unavunja. Akafungua plagi zote nne, akamimina oili kidogo kwenye kila tundu, tukaiacha siku mbili. Siku ya tatu akaweka spana kwenye nati ya mbele ya krenki na kuizungusha kwa mkono, taratibu kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani. Ikazunguka. Haikuwa imejam!

Tukamwaga oili ya zamani na kubadilisha filta. Tukafungua tanki. Petroli iliyobaki ilikuwa imegeuka kitu kama vanishi, nyekundu, inanuka vibaya. Hapo nikakumbuka kwamba gari hili lilienda kulala wakati ambapo petroli yenye madini ya risasi ilikuwa bado inauzwa. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Kwa hiyo Pijo ya babu ilikuwa inaamka kwenye dunia yenye petroli nyingine kabisa.

Siku ya kuiwasha tukabadilisha mipira yote ya petroli iliyopasuka, tukaazima betri, na fundi akapiga stata. Mara ya nne ikawaka. Jamani! Bibi alipiga kigelegele. Halafu moshi ukatoka. Si moshi wa mchezo. Uwanja mzima ulijaa wingu la bluu na jeupe, kuku wakakimbia, majirani wakadhani nyumba inaungua.

Siku hiyo baba mdogo alikuwa amemleta fundi kutoka gereji moja ya mjini atoe maoni. Huyo hakufika hata kwenye boneti. Alisimama nyuma ya gari, akautazama moshi kama dakika mbili, akatamka: "Ringi zimekwisha hizo. Ni ovaholi." Bei aliyotaja ilikuwa mara tatu ya kile ambacho mtu wa mizani angetulipa kwa gari zima. Baba mdogo akatoa simu yake mfukoni na kwenda pembeni. Nilijua anampigia nani.

Mzee wangu hakubishana. Alinigeukia akaniuliza, "Kijana, wewe si mwandishi wa habari? Mtu akija ofisini kwenu anapiga kelele, unaandika zile kelele, au unamuuliza maswali?" Nikamjibu, namuuliza maswali. Akasema, "Basi moshi nao unaulizwa matatu. Una rangi gani, unatoka saa ngapi, na unanuka nini."

Rangi ya bluu ni oili inayoungua. Lakini si tulimimina oili wenyewe kwenye silinda? Ile lazima iungue kwanza, pamoja na takataka zilizolala kwenye silensa. Tukaiacha injini ingurume nusu saa. Wingu likapungua zaidi ya nusu.

Moshi mweupe unatisha ukiwa ni maji yanayoingia kwenye silinda kupitia gasketi ya silinda hedi. Ukiwa hivyo hauishi hata injini ikipata moto, na maji ya rejeta yanapungua. Oili nayo inaweza kugeuka kama chai ya maziwa. Tulipima asubuhi tatu mfululizo. Maji hayakupungua, oili ilikuwa safi, na weupe ulipotea injini ilipopata joto. Ulikuwa mvuke tu wa asubuhi ya baridi ya Dodoma.

Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Plagi zilikuwa na masizi kama mkaa. Kumbe waya wa choki ulikuwa umeshikwa na kutu ukiwa umefunga. Halafu Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar, na kabureta iliyorekebishwa pwani huwa inamwaga petroli ya ziada huku kwetu. Akaachia choki, akarekebisha kabureta, weusi ukaisha.

Ikabaki bluu. Hiyo haikutaka kwisha, na kijiti cha kupimia oili kilikuwa kinasukumwa juu chenyewe. Hapa hata mimi nilianza kukata tamaa. Mzee akaazima geji ya kupima mgandamizo. Silinda zote nne zilipishana kidogo tu. Akaweka oili kijiko kimoja kwenye kila silinda, akapima tena. Akanieleza kwamba ringi zikiwa zimekwisha, oili ile huziba nafasi na kipimo hupanda sana. Chetu kilipanda kidogo mno. Ringi zilikuwa nzima!

Ndipo akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Upepo ukatoka kwa nguvu, na baada ya muda moshi kule nyuma ukapungua. Akacheka. Akavuta mpira ambao injini hupumulia, akaupiga kwenye jiwe, ukadondosha udongo mkavu vipande vipande. Nyigu walikuwa wamejenga humo kiota. Injini ilikuwa haina pa kupumulia, presha inajaa chini, oili inasukumwa juu hadi kwenye silinda na kuungua. Ovaholi nzima iliyotajwa na yule fundi wa mjini ilikuwa nyumba ya nyigu.

Tangu siku ile nimefikiria sana. Yule fundi hakusema uongo kuhusu ringi, maana ringi zilizokwisha kweli hutoa moshi wa bluu. Tatizo ni kwamba dalili moja ina sababu nyingi, na yeye alichagua ya gharama kubwa bila kupima hata moja. Kipimo cha mgandamizo kilituchukua chini ya saa moja. Wangapi wameuza magari ya wazee wao kwa kilo kwa sababu hakuna aliyeitumia saa hiyo?

Baba mdogo amekubali. Siku nane kabla ya mafundi wa msingi kufika, tulitengeneza breki zilizokuwa zimeshika, tukaondoa mawe, na Pijo ikatembea yenyewe mita kama thelathini hadi karibu na geti. Bibi alikaa kiti cha mbele, kimya, mkoba wake mapajani. Vyumba vimeanza kupanda.

Bado kuna kazi. Asubuhi inapowashwa hutoa moshi kidogo wa bluu, kisha unaacha. Mzee anasema ni sili za valvu zilizokauka, zinaweza kungoja. Gari bado lina namba za zamani zinazoanza na TZ, kwa hiyo makaratasi kwanza, barabara kuu baadaye.

Na kama kuna mwenye 504 imelala uani kwao, asiiuze kabla hatujaonana. Natafuta taa ya nyuma, upande wa kushoto.