Sakafu ya Baba Mdogo

Mara ya kwanza nilipoipaka rangi sakafu ya gereji ya baba mdogo, kule Buguruni, nilimaliza kazi kwa siku moja. Nilijisifu sana. Niliwaita washikaji wa kijiweni waje waone: sakafu ya kijivu inang'aa, ukiinama unayaona meno yako. Rangi yenyewe ilikuwa epoksi, ile ya makopo mawili, moja la rangi na la pili la kuigandisha. Ilinunuliwa kwa pesa za upatu wa mama mdogo. Zamu hiyo aliingojea miezi kumi.

Wiki ya tatu, teksi moja ilirudi kutoka safari ndefu, matairi ya moto, ikalazwa ndani. Asubuhi dereva alipoiondoa, rangi iliondoka na matairi. Chini yake zege lilikuwa vile vile, jeusi kwa oili, kama linanicheka. Baba mdogo hakusema neno. Alichukua fagio, akayafagia yale maganda, akayatia kwenye ndoo. Bora angenitukana.

Miezi mingi ikapita. Siku moja akaniita. "Rangi imepatikana tena. Safari hii utamsaidia mzee."

Mzee mwenyewe alikuja na kikombe cha maji tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyepaka?"

Nikatazama chini. Akachuchumaa, akadondosha maji mahali ambapo rangi ilikuwa imebanduka. Matone yakakaa juu kama kwenye jani la magimbi.

"Unaona? Sakafu imeshiba oili. Haina nafasi ya rangi yako."

Basi tukaanza. Tulimwaga unga wa mbao ufyonze oili, tukafagia. Tukasugua kwa maji ya moto na sabuni ya kukata grisi, mara tatu, mpaka mabega yangu yakaomba poo. Sakafu ilipokauka, mzee akatandika kipande cha nailoni, kama sentimita 45 kila upande, akakibana kingo zote kwa gundi ya utepe. "Tukutane kesho."

Kesho yake alikibandua. Chini hapakuwa na umande, wala zege halikubadilika rangi. Akatikisa kichwa kukubali. Kumbe unyevu hupanda kutoka ardhini, na mvuke huinyanyua rangi kama chapati inavyofura kikaangoni. Na zege likiwa jipya, alisema, liache siku 28 kwanza.

Mimi na kemia yangu ya kidato cha nne nikapendekeza tindikali. Mzee hakunibeza. "Wapo wanaoitumia. Lakini tindikali ndiyo inayotiwa kwenye maji. Maji usiyatie kwenye tindikali, itakurukia usoni. Halafu uisuuze, uipoze kwa magadi, usuuze tena. Na oili haiili, bwana mdogo."

Akawasha grenda yenye diski ya almasi. Tulivaa barakoa za vumbi, maana vumbi la zege si sembe. Lina silika, nayo huharibu mapafu. Grenda iliondoa mabaki ya rangi yangu, kisha ule utando laini wa saruji unaopanda juu fundi anapolainisha kwa mwiko. Unapendeza macho, lakini hauna nguvu. Rangi yangu ilikuwa imeshika utando huo na oili, haikushika zege.

Tulipomaliza, sakafu ilikuwa mbaya kuitazama. Ukiipapasa, inakwaruza kama msasa. Tukapanua nyufa, tukatoa uchafu, tukaziba kwa epoksi nzito, tukasawazisha. Tukafyonza vumbi kila pembe. Mzee akadondosha maji tena. Safari hii yakanywewa.

Siku tano zilikuwa zimekwisha na kopo halijafunguliwa. Kupaka kwenyewe kulichukua saa chache, tena kwa haraka, kwa sababu epoksi ikishachanganywa haingoji mtu. Ukiiacha ndooni kwenye joto letu la Dar, inapata moto na kuganda.

Wewe msomaji utasema ni sakafu tu. Sawa. Lakini mimi wiki nzima ya kungoja ikauke sikulala vizuri.

Siku ya nane baba mdogo aliiomba teksi ile ile. Ikaingia jioni, matairi ya moto. Asubuhi mama mdogo alikuja na kanga yake begani, akasimama mlangoni. Sikumbuki kama aliwahi kuja gereji kabla ya siku hiyo. Teksi ikarudi nyuma taratibu. Hakuna kilichobanduka.

Mama mdogo aliinama, akapitisha kiganja palipokuwa na tairi, akakitazama kiganja chake.

"Haya," akasema. "Maana zamu yangu nyingine ni mwakani."