Picha Tano Mlangoni

Wapo watoto wanaopenda kutii lakini hawajui waanzie wapi. Mzazi akisema, "Kanawe, vaa, chukua daftari, uje unywe chai," mtoto kama huyo hushika la kwanza, na yaliyobaki humponyoka. Mmoja wao ni kifungua mimba wetu. Alipofika miaka 9 ilikuwa kawaida kumkuta ameketi kitandani, soksi moja mguuni, na gari la shule limekwisha kuondoka.

Tuliambiwa mengi. Shuleni waliandika kwamba ni mvivu na mkaidi. Jirani alishauri fimbo. Ndugu mmoja katika imani alisema ni roho ya usahaulifu, akatutaka tufunge siku saba. Tuliomba, na bado tunaomba. Lakini usiku mmoja mtoto alimaliza sala yake ya kulala kwa kumsihi Mungu ampe kichwa kingine. Kumbe kilichokuwa hatarini hakikuwa alama za darasani tu. Mwanetu alikuwa ameanza kuamini kwamba Mungu alimuumba vibaya.

Daktari wa watoto alituelekeza kwa mtoa tiba kwa vitendo. Wataalamu hawa, ambao hapa kwetu hufundishwa KCMC, Moshi, humsaidia mtu kuyamudu mambo ya kila siku: kuvaa, kula, kucheza, kusoma. Yule mama alitueleza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayotuwezesha kupanga, kushika agizo huku tunalitekeleza, na kujizuia. Sehemu hiyo hukua polepole, hata baada ya mtu kutimiza miaka 20, na kwa watoto wengine huchelewa zaidi.

Kisha akamuuliza mtoto mwenyewe anataka kuweza jambo gani. Akajibu, "Kuwahi gari." Basi wakaigawa asubuhi katika vipande vitano, wakachora picha ya kila kimoja, nasi tukazibandika mlangoni kwa kimo chake. Sare zilipangwa tangu jioni kwa mfuatano wa kuvaliwa. Agizo likawa moja kwa wakati, naye alirudie kwa sauti kabla ya kuondoka. Kadiri alivyoweza, ndivyo tulivyopunguza msaada: badala ya kumwambia la kufanya tulimuuliza, "Sasa kinafuata nini?"

Bibi yake alipoziona picha alisema tunamdekeza. Neno lake lilitufanya tufungue Biblia. Katika Kumbukumbu la Torati 6, Bwana anawaagiza Israeli waandike maneno yake kwenye miimo ya milango. Katika Hesabu 15 anawaagiza watie vishada kwenye nguo zao, ili wakivitazama wakumbuke. Hata mana waliiokota kwa kipimo cha siku, na siku ya sita maradufu. Hao walikuwa watu wazima, waliovuka bahari kwa miguu, na bado walihitaji kitu cha kutazama wasije wakasahau. Mungu hakuwaita wavivu kwa sababu hiyo. Aliwapa alama. Nasi kila tunapoijia Meza ya Bwana, tunafanya hivyo kwa ukumbusho.

Bibi alisikiliza, akanyamaza. Juma lililofuata tulimkuta amesimama mlangoni na mjukuu wake, akimuuliza kinafuata nini.

Ilichukua miezi mingi, na zipo asubuhi zinazoharibika hata sasa. Picha tatu zimekwisha kutolewa. Mbili bado zipo. Siku hizi haombi kichwa kingine. Anaomba asisahau chupa ya maji.

Wapendwa, watoto wa namna hii wamo hata katika shule yetu ya Jumapili. Tusiwaongezee majina. Tuwape agizo moja, tuwasubiri walimalize, ndipo tutoe la pili. Baba yetu wa mbinguni ametufundisha sisi sote hatua kwa hatua, na hajachoka kuturudia.