Herufi za Mzee

Najua nimepotea sana hapa kijiweni. Mhariri amenibana, na nikitoka kazini foleni inamalizia kilichobaki.

Juzi mtoto wa dada yangu kaniuliza kwa nini babu yake anaiita penseli kalamu ya risasi. "Anko, inaua?" Nikacheka, nikamwambia ndani yake hata risasi hamna, ni grafaiti tu. Halafu nikamkumbuka mzee mmoja wa Ohio.

Nilikuwa Marekani kwa miezi mitatu, mafunzo ya waandishi, na nikapangiwa kukaa kwa mzee wa miaka themanini na ushee. Ujana wake wote alikuwa mpanga chapa wa gazeti la mji wake, gazeti ambalo siku hizi halipo. Nilimwita Mzee, akalipenda neno hilo. Siku ya tatu akaniambia, njoo gereji, nakwenda kumimina risasi.

Nilisita, jamani. Mimi ripota wa habari za jinai. Nikisikia risasi nawaza maiti. Hapa kwetu ukikutwa unajitengenezea risasi nyumbani ni kesi. Kule mtu anaruhusiwa kujitengenezea za kwake, na Mzee alikuwa anatoboa karatasi tu kwa bastola yake ya .38. Nilipomweleza kwamba kwa Kiswahili madini na kitu kinachotoka kwenye mtutu ni neno moja, risasi, alicheka mpaka akakohoa.

Tatizo lake lilikuwa hili: risasi zilikuwa zinatoka nyembamba. Mtutu wake ulikuwa na kipenyo cha inchi 0.357 kwenye mifereji, na risasi ya kumimina inatakiwa izidi hapo kidogo, inchi 0.358, ili izibe vizuri. Zake zilikuwa 0.3565. Ndogo kuliko unywele, utasema, lakini gesi ya moto inapenya pembeni, inayeyusha risasi na kuipaka ndani ya mtutu. Karatasi inatobolewa ovyo, na Mzee anashinda kusugua bomba kwa brashi.

Alikwisha kuilaumu kalibu, anataka kuitupa. Hapo ndipo uandishi ukanijia: nani kasema, na kapimaje? Alikuwa anapima kwa vernia. Tukaazima maikromita kwa jirani, maana kwa tofauti ndogo hivyo vernia inaweza kukudanganya. Jibu likawa lile lile. Je, kalibu ilikuwa ya baridi? Hapana, kalibu baridi inatoa risasi zenye mikunjo na pembe zisizojaa, na zake zilikuwa laini, kingo kali. Vijia vya hewa kwenye kalibu vilikuwa safi. Basi nikamuuliza, hii risasi umeitoa wapi? Mabomba ya zamani na mabati ya risasi ya paa, akasema.

Akanyamaza. Nadhani alikuwa anajua siku zote.

Risasi tupu husinyaa zaidi inapoganda. Ukiichanganya na antimoni hupungua kusinyaa, na huwa ngumu. Na mchanganyiko wenye antimoni nyingi alikuwa nao chini ya meza, kreti nzima: mistari ya mashine ya Linotype, ile iliyoanza kazi kwenye New York Tribune mwaka 1886, ikimimina mstari mzima wa maneno kwa pigo moja. Risasi asilimia 84, antimoni 12, stani 4. Watu wa kumimina risasi Marekani wanaitafuta kama almasi. Yeye aliibeba siku matbaa inafungwa, hakuigusa tena.

Akaivuta kreti, akaniambia, "Wewe ni mwandishi, chagua."

Nikakaa sakafuni na kioo cha kunyolea, maana maneno yamegeuzwa. Bei ya nguruwe. Matokeo ya besiboli. Tangazo la mauzo ya matrekta. Mkutano wa kanisa. Kisha vifo: fulani, mume wa fulani, mazishi Jumamosi. Kwa kweli sijawahi kuhariri ukurasa mgumu namna ile. Nikasema nguruwe waende, na matrekta. Besiboli tulibishana. Vifo tuliviacha kwenye kreti.

Tulichanganya nusu kwa nusu, milango wazi, na kila mstari umekauka kabisa, kwani tone la maji kwenye chungu cha risasi iliyoyeyuka linalipuka usoni. Mzee hakunywa hata kahawa mle ndani, akavua viatu kabla ya kuingia nyumbani na kunawa mpaka kwenye viwiko. Hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, hasa kwa watoto, na wajukuu zake wanatambaa kwenye zulia lile.

Zilipopoa, maikromita ikasoma 0.358 kasoro kidogo sana. Mzee akapima tatu zaidi, hakusema kitu, akairudisha kalibu kwenye boksi lake.

Siku ya kuondoka alinipa mstari mmoja wa besiboli. Upo kwenye rafu ya juu kabisa, ndani ya kopo. Mtoto wa dada anaudai kila siku. Nimemwambia hapana, hii ndiyo risasi yenyewe.