Volkswagen Itangulie

Agosti hii, shule zikifungwa, familia tatu tumepanga kutoka Mombasa hadi Malindi kwa magari yetu ya kale: Peugeot 504 mbili, na ile Volkswagen ya mgongo wa kobe ambayo mwenzetu mmoja aliachiwa na marehemu mumewe. Ni kilomita kama 120 tu, lakini kikao cha kwanza nusura kivunjike. Akina baba walitaka Volkswagen ibaki nyumbani, ati itatuchelewesha. Wakatukumbusha kwamba 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Mwenzetu akanyamaza, kisha akasema polepole, "Na Volkswagen ilishinda 1962." Chai ikanywewa kimya!

Tukapanga upya. Volkswagen itangulie, sisi tufuate mwendo wake. Injini yake hupozwa kwa upepo, haina rejeta, basi tunabeba mkanda wa feni wa akiba, kwani ukikatika lazima gari lisimame papo hapo. Mitungi ya maji ni ya hizo 504, ambazo ndizo hutokota (na mtu asinung'unike). Tutaondoka alfajiri, kabla Mtwapa haijajaa magari. Kilifi tutapumzika tukisha kuvuka daraja lililofunguliwa 1991. Zamani tulingoja feri hapo hadi watoto wakalia. Mchana tutatembelea magofu ya Gedi. Usiku hatuendeshi kabisa.

Gari limekwisha kwenda kwa fundi. Mwenzetu ameomba jambo moja tu: kuanzia Kilifi, usukani ashike mwanawe wa kwanza, aliyefundishwa na baba yake kuendesha gari hilohilo.