Miguu ya Alfajiri Kando ya Ziwa Mweru

Atokaye Tanzania kwenda Nchelenge hana njia ya mkato. Mimi nilivuka mpaka pale Tunduma, nikalala Kasama, na siku ya pili nikapanda basi la Mansa. Kutoka Mansa nilishika barabara ya kaskazini ifuatayo bonde la mto Luapula, ikipita Mwense na Mwansabombwe yaliko makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda. Nilipoteremka Nchelenge jua lilikuwa likizama upande wa Kongo, na maji yote ya Ziwa Mweru yalikuwa mekundu kama shaba. Ningependa kusema kwamba niliyatazama kwa furaha. La kweli ni kwamba nilikuwa nikitazama miguu yangu, maana ilikuwa imevimba hata viatu vikakataa kutoka.

Mdogo wangu aliyeolewa huko alinipokea kwa vigelegele, kisha akanyamaza aliponiona nikipumzika mara mbili katika kupanda vidaraja vitano vya baraza yake.

"Dada, dawa unameza?" aliniuliza usiku.

Nikamjibu kwamba nameza.

"Na mazoezi?"

Hapo sikuwa na jibu.

Nadhani wengi wenu, ndugu wasomaji, mnaijua hali hii. Miezi michache kabla ya safari, daktari alinipima presha akakuta 160 kwa 100. Kwa kawaida 140 kwa 90 ndipo watabibu wanapoanza kuihesabu kuwa ugonjwa. Mimi nilikwisha kupita. Aliniandikia vidonge na kuniamuru nitembee kila siku. Tena nilikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wengi. Mama yetu mzazi alipooza upande mmoja kwa maradhi hayo hayo, akalala kitandani miaka miwili, na ni mimi na mdogo wangu tuliokuwa tukimgeuza na kumwosha. Nina binti mmoja tu. Kila nilipomtazama niliwaza nani atamsaidia kunigeuza mimi.

Mtu aliyeyaona hayo ungetazamia aanze mazoezi siku ile ile. Nami nilianza kweli. Tena nilianza mara nne. Mara ya kwanza nilinunua viatu vya raba vya bei kubwa, navyo vikakaa chini ya kitanda. Mara ya pili nilikimbia mpaka kona ya tatu nikarudi nikichechemea. Mara ya tatu mvua ilinyesha. Mara ya nne jirani aliyeniona nikienda mbio na kanga kiunoni alitoka nje akaniuliza, kwa huruma kabisa, ni nani aliyefariki. Hofu ilikuwa ikiniamsha usiku wa manane, lakini kulipopambazuka haikuwa na nguvu ya kunitoa kitandani.

Ziwa Mweru wamegawana Zambia na Kongo. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 5,000, nalo liko mita 900 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hivyo asubuhi za mwezi wa sita na wa saba zina baridi ambayo sisi wa nchi za chini hatukuitarajia. Luapula huingia kwa kusini, na maji hutoka kaskazini, pale Pweto, kwa jina jipya la Luvua. Nchelenge na jirani yake Kashikishi ziko ufukwe wa mashariki. Kwa hiyo jua huchomoza nyuma ya migongo ya watu, na mwanga huigusa mitumbwi iliyo mbali majini kabla ya kuufikia mchanga.

Ile mitumbwi ndiyo saa ya mji. Dagaa wadogo wa huko huitwa chisense, nao huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Alfajiri wavuvi hurudi, na wanawake huwa wamekwisha kusimama ufukweni na mabeseni yao, tayari kununua, kuanika na kuuza. Mama mkwe wa mdogo wangu, mtu mzima aliyepita miaka sabini, ni mmoja wao. Alilelewa Pweto, kwa hiyo Kiswahili anacho, kile cha Kongo, na sisi wawili tulielewana bila ya mkalimani.

Siku ya pili ya ugeni wangu, kabla ya jogoo wa tatu, aligonga mlango. "Mwanangu, ondoka," alisema. "Mitumbwi haingoji." Alinikabidhi beseni dogo. Baadaye nilipata habari kwamba ilikuwa njama ya mdogo wangu, lakini asubuhi ile nilidhani ni desturi ya nchi, na mgeni mwenye adabu hakatai desturi.

Kutoka nyumbani hadi ufukweni tulikwenda dakika ishirini na tano. Wenye elimu ya afya hutoa kipimo kizuri kisichohitaji chombo chochote: mwendo unaofaa ni ule ambao waweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Mama yule, na kandambili zake miguuni, aliimba nyimbo za kanisani njia nzima. Mimi nilishindwa hata kuitikia salamu. Kila mlango tuliopita palikuwa na mtu wa kutuambia "Mwashibukeni", yaani mmeamkaje, na Mama alimjibu kila mmoja kwa jina huku nami nikiinua mkono tu kama bubu.

Siku ya tano niliweza kuitikia. Siku ya kumi niliuliza habari za watoto wao, kwa Kibemba kibovu kilichowachekesha.

Kutembea si jambo geni katika nchi ile. David Livingstone alipofika Mweru mwezi Novemba 1867, na kisha kwa Kazembe, alimkuta huko mfanyabiashara kutoka pande zetu, Mohamed bin Saleh, aliyekuwa amezuiliwa kwa miaka mingi. Bidhaa za Waswahili na Waarabu zilifika kule kwa vichwa na miguu ya wapagazi, na hapana shaka hawakuamka kila siku wakiwa na hamu ya kutembea. Waliamka kwa sababu msafara ulikuwa unaondoka. Na sisi Watanzania tunakumbuka mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipokwenda kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Hakwenda peke yake. Watu waliandamana naye. Nimekuwa nikijiuliza ni wangapi kati yao wangefika kama kila mmoja angeambiwa aende kwa wakati wake.

Hayo niliyawaza baada ya kumwuliza Mama swali ambalo kwangu lilikuwa zito: anaipata wapi hamu ya kutoka kila siku? Hakulielewa. Nililirudia kwa maneno mengine. Alicheka hata akasimama njiani, akaniambia kwamba hamu haijapata kuulizwa. Akichelewa, dagaa watanunuliwa na wengine.

Nisieleweke vibaya. Yapo mahubiri ya mazoezi yanayosemwa kana kwamba wote tumekaa tu. Wanawake wa Luapula hutwanga muhogo, hubeba maji na kuni, na ukimwambia mmoja wao afanye mazoezi atakuwa na haki ya kukutazama mara mbili. Wao wanahitaji kupumzika. Maneno yangu yanatuhusu sisi tuketio ofisini na dukani, ambao kazi imetuacha na mikono laini na mishipa migumu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linatutaka watu wazima tupate kila wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri, kama kutembea kwa haraka. Nilipoisoma hesabu hiyo mara ya kwanza niliona ni mlima. Lakini dakika ishirini na tano za kwenda na ishirini na tano za kurudi, kwa siku sita, ni dakika 300 kamili, nami nilikuwa nimezimaliza nikidhani nanunua kitoweo. Asiyeweza hizo na aanze na kumi. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu na asimame, aende kwa daktari kabla ya kuendelea. Na vidonge visiachwe kwa sababu tu mtu amejiona mwepesi.

Kisha mwezi ukawa mpevu. Usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi hazina maana, na mitumbwi ikalala. Nilifurahi, niseme kweli, nikajifunika blanketi. Nilijua pia mwisho wake, kwa kuwa hivyo ndivyo mara zangu zote nne zilivyokufa: siku moja ya kukosa, halafu aibu, halafu basi. Mlango ukagongwa. Mama alikuwa na beseni tupu.

"Leo hakuna samaki," nilimwambia.

"Najua. Twende tukawaone watu."

Njiani alikuwa na rafiki yake mgonjwa aliyemzoea kupita kila alfajiri. Asipopita, mgonjwa yule angeshinda na wasiwasi. Tulikaa kwake kidogo, tukaenda hadi majini, tukarudi.

Niliporudi Tanzania nilisoma habari za uchunguzi uliofanywa London na kutangazwa mwaka 2010. Watu 96 walifuatwa ili kuona huchukua siku ngapi jambo jipya kugeuka mazoea. Wastani ulikuwa siku 66. Lakini wa haraka alikadiriwa siku 18 na wa mwisho siku 254. Tena waligundua kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Laiti ningaliyajua hayo kabla ya kuvitupa vile viatu chini ya kitanda.

Hapa Morogoro hatuna mitumbwi. Nilitafuta kitu kitakachoningoja, nikampata muuza maziwa aliye mbali, ingawa yuko mwingine nyuma ya nyumba yangu. Nimemwomba aniwekee lita moja kila asubuhi, na asipoiuza kwangu imemharibikia. Jirani yule wa swali la msiba sasa huningoja kwenye lango lake na chupa yake. Masika yaliyopita tulikosa siku tisa mfululizo. Ya kumi muuza maziwa alimtuma mtoto aje kuuliza kama tumehama. Juzi presha yangu ilikuwa 138 kwa 86, na daktari amesema vidonge viendelee.

Jumapili mdogo wangu alipiga simu. Mama alikuwa karibu naye, akitaka kujua kama bado naenda. Nilimwambia amjibu kwamba leo nilichelewa nikakuta maziwa yamekwisha, lakini nilikwenda.