Jina Tulilolificha

Wazazi wengi huiogopa televisheni, na hofu hiyo ina sababu. Lakini mara nyingine chombo hicho hutuonyesha aibu iliyomo nyumbani mwetu wenyewe. Twapenda kuwaeleza wasomaji habari ya usiku mmoja wa namna hiyo.

Twakaa Toronto, katika nchi ya Kanada, na asili yetu ni Tanga. Binti yetu ana miaka 13. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo alituomba jambo lililotuudhi: bibi yake, mama yetu mzazi, asimsindikize tena mpaka mlangoni pa shule, kwa sababu ya buibui lake. Tulimkemea sana. Tulisema juu ya heshima ya wazee na juu ya dini. Alinyamaza, nasi tukadhani ameelewa.

Siku zile alipenda kutazama mchezo wa vijana uitwao Degrassi: The Next Generation. Mchezo huo ulianza mwaka 2001, lakini chimbuko lake ni la mwaka 1979, na jina lake latokana na mtaa uliopo kweli mjini Toronto. Mmoja wa waanzilishi wake, Linda Schuyler, alikuwa mwalimu wa shule. Si yote yaliyomo yafaayo kwa watoto wa Kiislamu, ndiyo sababu tuliamua kuketi naye. Tulitazama msimu wa pili, ulioonyeshwa mwaka 2002 na 2003, wakati Waislamu wa nchi za Magharibi walipokuwa wakitazamwa kwa shaka baada ya mambo ya Septemba 2001.

Katika msimu huo imo habari ya Hazel, msichana aliyewaambia wenzake kwamba asili yake ni Jamaica. Shule yafanya siku ya kuonyesha mila za mataifa mbalimbali. Fareeza, msichana kutoka Iraq, aandaa maonyesho ya nchi yake. Hazel amtolea maneno ya dharau. Kisha maonyesho yale yaharibiwa, na Hazel ashukiwa. Mwishowe asimama mbele ya wanafunzi na kusema ukweli: yeye ni Msomali, tena ni Mwislamu. Kumbe aliyekuwa akimdharau mwenziwe alikuwa akijikimbia mwenyewe.

Tulifurahi mno. Tukamgeukia binti yetu, tayari kumpa mawaidha. Yeye akatutangulia kwa sauti ya upole:

"Baba, na wewe kwa nini kazini waitwa Sal?"

Hatukuwa na jawabu. Jina letu ni Swalehe. Tulipewa siku ya saba, mbuzi akachinjwa na jamaa wakala. Lakini siku ya kwanza ya kazi ghalani, msimamizi alipotuuliza jina, tulimpa lile fupi kabla hata hajajaribu kulitamka lile refu. Hakuna aliyetulazimisha. Tulitaka tu tusiulizwe maswali. Basi kwa miaka 9 tumeitikia jina ambalo baba yetu hakutupa.

Mama yetu alikuwa ameketi pembeni na tasbihi yake. Aliacha kuivuta, akasema, "Swalehe lilikuwa jina la babu yako." Hakuongeza neno.

Tulimwambia binti yetu ukweli, kwamba tuliona haya, na kwamba tumemkemea kwa kosa ambalo sisi tulimtangulia kulitenda. Jumatatu tulimwendea msimamizi. Alijaribu mara ya kwanza na ya pili, na mara ya tatu akalitamka sawasawa. Kazi yote hiyo haikuchukua hata dakika moja.

Binti yetu hakubadilika siku ile. Lakini baada ya majuma mawili, asubuhi ya theluji, alimletea bibi yake viatu vizito, wakatoka pamoja. Walifuatana mpaka pembeni pa njia, karibu na shule, kisha akaenda peke yake. Safari hii hatukumkemea.

Enyi wazazi wenzetu, twahimiza watoto wetu wasimame mbele ya watu na kusema wao ni nani. Ni wajibu wetu kuhimiza hivyo. Lakini mtoto husikia jina tunaloitikia kabla ya kusikia mawaidha yetu.