Levye ndogo inachaguliwa chini ya mlima

Leo nawaandikia juu ya kitu kidogo ndani ya jip ambacho abiria wengi hawakijali: ile levye ya pili, fupi, iliyo karibu na levye ya vitesi.

Kazi ya redio imenipandisha katika jip nyingi. Mvua zetu zinaanza Septemba na kufika Mei, na miezi hiyo yote udongo wa milima hii ni kama sabuni. Siku moja tulikuwa tumejaa: akina mama, watoto, magodoro, mabido. Mbele ya mlima chofere akasimama. Mzee mmoja nyuma akalalamika: «Mwanangu, unasimamia nini? Twende, usiku unaingia!» Chofere akajibu kwa heshima: «Mzee, nikisimama hapa ni mimi nimetaka. Nikisimama kule juu, ni matope yametaka.»

Alikuwa anaingiza L4. Kwenye Land Cruiser nyingi levye hiyo ina H2, H4, N na L4. H2 ni ya barabara nzuri, magurudumu ya nyuma tu yanavuta. H4 yanavuta yote manne, lakini mwendo na nguvu za vitesi hazibadiliki. L4 yanavuta yote manne polepole: gari linapoteza mwendo mara mbili hivi ao zaidi, na nguvu inaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Kwa zile za zamani, chofere anashuka kwanza kufunga vitovu vya magurudumu ya mbele, awe ameviweka kwenye LOCK. Kisha gari likiwa limesimama, anakanyaga ambreyaje na kuingiza L4.

Ndiyo sababu uchaguzi unafanyika chini ya mlima. Ukifika katikati na H4, moteri ikachoka, lazima usimame ili kubadilisha. Hapo gari lililobeba watu linaweza kurudi nyuma ao kuteleza pembeni.

Kushuka ni hatari zaidi. Anayeijua njia ya Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, anajua bonde linavyongoja pembeni. Freni zikikanyagwa muda mrefu zinapata moto na kupoteza nguvu. Katika L4, vitesi ya kwanza, moteri yenyewe inalishikilia gari. Chofere asikanyage ambreyaje wala asitie N, maana hapo moteri inaachilia gari.

Lakini L4 si dawa ya kila kitu. Kwenye matope marefu ya tambarare, gari linahitaji mwendo kidogo ili lisizame. Hapo H4 na vitesi ya pili mara nyingi inafaa. Nguvu nyingi ya L4 inazungusha magurudumu bure na kuchimba shimo. Shimo hilo linamngoja anayekuja nyuma, labda gari linalopeleka mama mzazi hospitalini Nyantende. Na kwenye lami kavu, rudisha H2, la sivyo utaharibu vyuma vya chini.

Kwa nini nawaambia ninyi, ambao wengi hamshiki usukani? Kwa sababu kelele za abiria nazo zinaendesha gari. Tangu vita vifike Bukavu mwezi wa pili 2025, watu wanapanda gari na hofu, na hofu haipendi kusimama. Naielewa. Mwenye watoto mgongoni hataki kungoja hata dakika moja.

Lakini chofere akisimama chini ya mlima, mpeni dakika hiyo. Akiwaomba kushuka na kupanda kwa miguu, shukeni, watoto na wagonjwa wasaidiwe kwanza. Na chofere ambaye hasimami kamwe, anayeingia kila mlima kwa kasi, muulizeni bila aibu: «Ndugu, umeweka ya ngapi?»